Picha ya Moyo: Mashine Ipi Huona Nini?



Hapa kwetu Majengo, mtu akirudi kutoka hospitali na bahasha kubwa ya kahawia, majirani huja. Bahasha hufunguliwa. Picha nyeusi huinuliwa kuelekea jua, na kila mmoja huitazama.

"Shemeji, moyo ni upi hapa?"

"Ni huu mweupe, katikati."

"Mbona mkubwa hivi?"

"Ndivyo walivyosema. Moyo umekuwa mkubwa."

Watu hunyamaza. Wengine huanza kuhesabu siku za mgonjwa, na yeye yupo hapo hapo kwenye mkeka anawasikia.

Leo tutaitazama picha hiyo pamoja. Tutauliza: picha hii imesema nini, na haikusema nini? Kisha tutaona picha za aina nyingine ambazo hospitali huweza kupiga. Ipo ya kivuli, ipo ya sauti, ipo ya sumaku. Kila moja huona jambo lake. Asiyejua tofauti anaweza kuuza ng'ombe kwa ajili ya kipimo ambacho hakukihitaji. Mwingine anaweza kukaa nyumbani na picha isiyotosha, huku ugonjwa unaotibika ukimmaliza.

VYUMBA VINNE

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Ndani una vyumba vinne: viwili juu na viwili chini. Vya juu hupokea damu. Vya chini huisukuma. Chumba cha chini cha kulia hupeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Chumba cha chini cha kushoto huipeleka mwili mzima, tangu utosini hadi vidole vya miguu. Damu inapita kwenye milango inayofunguka upande mmoja tu. Ikishapita, mlango hujifunga ili damu isirudi nyuma.

Chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi nzito kuliko vyote. Kwa mtu mzima, kikijaa huwa na damu kama mililita 120. Kikijikaza hutoa mililita 70 hivi, yaani vijiko 14 vya chai. Je, ni kidogo? Fanya hesabu. Moyo hupiga kama mara 70 kwa dakika. 70 mara 70 ni 4,900. Hizo ni karibu lita 5 kwa dakika moja. Debe la lita 20 hujaa kwa dakika 4. Nenda kisimani, upige pampu mpaka debe lijae kila dakika 4, mchana na usiku, bila kupumzika, kwa miaka 60. Hiyo ndiyo kazi ya moyo wako.

Sasa angalia jambo moja. Chumba kilikuwa na 120, kikatoa 70. Hakikutoa yote. Kimebakiza 50. Maana yake, katika kila sehemu 100 za damu kimetoa sehemu 58. Hospitalini namba hii huandikwa kwa herufi mbili: EF. Ukiona kwenye karatasi EF 58%, ndiyo hiyo. Moyo wenye afya huwa na EF ya 52 hadi 72 kwa wanaume, na 54 hadi 74 kwa wanawake. Hakuna mtu mwenye EF ya 100, kwa hiyo usishtuke ukiona 60 ukadhani umefeli mtihani! Lakini ikishuka kufika 40 au chini yake, pampu imedhoofika. Maji hurudi nyuma na kukaa mapafuni. Miguu huvimba. Mtu hulala ameegemea mito mitatu, na usiku huamka kutafuta pumzi dirishani.

Kwa hiyo daktari anataka kujua mambo mawili. La kwanza, vyumba vina ukubwa gani? La pili, vinasukuma kiasi gani? Shika maswali haya mawili. Tutayauliza kwa kila mashine.

KIVULI UKUTANI

Usiku wa leo fanya jaribio hili. Washa koroboi, au tochi kama unayo. Weka mkono wako karibu na taa. Ukutani utaona kivuli kikubwa kama cha jitu. Sogeza mkono karibu na ukuta. Kivuli kitapungua mpaka kikaribie ukubwa wa mkono wenyewe. Mkono haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipouweka.

Picha ya eksirei ni kivuli cha namna hiyo. Mionzi yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Mionzi hiyo hupita kwa urahisi penye hewa, na hupita kwa shida penye mfupa au nyama nzito. Mapafu yana hewa, hivyo hutokea meusi. Moyo umejaa damu, hivyo hutokea mweupe.

Sasa utaelewa kwa nini mpiga picha hukwambia: "Simama, bandika kifua kwenye ubao, vuta pumzi, shikilia." Moyo uko mbele kifuani. Kifua kikigusa ubao, na mionzi ikatoka mgongoni, moyo huwa karibu na ubao kama mkono ulio karibu na ukuta. Kivuli huwa cha haki. Lakini mgonjwa mahututi hawezi kusimama. Hupigwa picha amelala, mionzi ikitoka mbele, na moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Asiyevuta pumzi vizuri naye hivyo hivyo. Mjamzito, ambaye tumbo limesukuma moyo juu, naye hivyo hivyo.

Daktari hupima upana wa kivuli cha moyo, kisha upana wa kifua kwa ndani. Kwa mtu mzima aliyepigwa picha akiwa amesimama, kivuli kikizidi nusu ya kifua, huandikwa kwamba moyo ni mkubwa. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Lakini je, kimejibu maswali yetu mawili?

Hakikujibu. Chukua kibuyu, kiweke nyuma ya shuka, washa taa nyuma yake. Unaona umbo la kibuyu. Huoni kama ganda lake ni nene au jembamba. Huoni kama ndani mna maji au hamna. Wala huwezi kusema kikiinamishwa kitamwaga kiasi gani.

WATU WATATU, KIVULI KIMOJA

Tuchukue mfano. Watu watatu wamepanda bodaboda kwenda hospitali asubuhi moja. Wote wana pumzi fupi. Wote wamepigwa eksirei, na picha zote tatu zinasema moyo ni mkubwa.

Wa kwanza ni mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Alianza kuvimba miguu, watu wakasema ni uzazi tu, utapita. Haukupita. Huyu misuli ya moyo imelegea baada ya uzazi. Chumba cha chini cha kushoto kimetanuka kama mpira wa baiskeli uliochoka, na kinasukuma kidogo. Ugonjwa huu huwapata wanawake katika mwezi wa mwisho wa mimba na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Haukuletwa na mke mwenza wala jirani.

Wa pili ni kijana mwenye kikohozi na homa za jioni, na mwili umekwisha. Huyu vyumba vyake havikutanuka hata kidogo. Kilichojaa ni maji nje ya moyo, ndani ya mfuko unaoufunika. Katika nchi zetu kifua kikuu ni sababu kubwa ya maji hayo. Maji yakizidi huubana moyo usiweze kujaa.

Wa tatu ni msichana wa miaka 15. Alipokuwa mdogo aliumwa koo mara kwa mara, na viungo vikamuuma na kuvimba. Homa ile iliacha makovu kwenye mlango wa moyo upande wa kushoto. Mlango haufungui vizuri wala haufungi vizuri. Damu hurundikana katika chumba cha juu, nacho kimetanuka.

Kivuli ni kimoja, lakini magonjwa ni matatu. Tena dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mama anahitaji dawa za kupunguza maji na kuusaidia moyo. Kijana anahitaji dawa za kifua kikuu, na pengine maji yatolewe kwa sindano ndefu siku hiyo hiyo. Akipewa vidonge vya kukojoa peke yake, anaweza kuzidi kudhoofika. Msichana anahitaji sindano za penisilini kwa miaka mingi ili mlango usiharibike zaidi, na huenda akahitaji upasuaji. Sasa fikiri wote watatu wakirudishwa nyumbani na vidonge vya namna moja kwa sababu bahasha zao zinafanana.

Kuna wa nne ambaye tumemsahau. Ni mzee mwenye shinikizo la damu la miaka mingi. Akipanda kilima kidogo tu anahema. Picha yake ya eksirei imetoka safi kabisa. Kumbe ukuta wa chumba chake umekuwa mnene, kwa kuwa umesukuma kwa nguvu miaka yote hiyo, kama mkono wa mhunzi. Unene umekwenda kwa ndani, chumba kimekuwa kidogo, na kivuli cha nje hakikubadilika.

Sisemi eksirei haifai. Inafaa sana. Ni rahisi, ni ya haraka, na inaonyesha mapafu: kifua kikuu, nimonia, maji. Ni mwanzo mzuri wa safari.

SAUTI INAYORUDI

Umewahi kusimama mbele ya mlima ukaita? Sauti hukurudia. Huo ni mwangwi. Mlima ukiwa mbali, mwangwi hukawia. Ukiwa karibu, hurudi upesi. Kwa hiyo anayejua kuhesabu muda anaweza kujua mlima uko umbali gani bila kutembea. Popo huruka gizani kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walifanya jambo la ajabu. Waliazima mashine iliyotumika kwenye karakana ya meli. Mafundi wa meli waliitumia kupeleka sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa zisizoonekana. Wao wawili wakaielekeza kwenye kifua cha mtu. Sauti ikagonga kuta za moyo ikarudi. Wakaona ukuta wa moyo unavyocheza. Hicho ndicho kipimo ambacho leo hospitalini huitwa eko.

Kinafanywaje? Unavua nguo ya juu na kulala kwa ubavu wa kushoto. Mpimaji anakupaka mafuta mazito ya baridi, kisha anaweka kifaa kama sabuni ndogo katikati ya mbavu. Kifaa hutoa sauti kali mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Hakuna sindano. Hakuna mionzi. Mjamzito anaweza kupimwa, na mtoto mchanga pia. Baada ya nusu saa hivi unajifuta unakwenda zako.

Kwenye kioo moyo unaonekana ukipiga, saa hiyo hiyo. Tofauti yake na eksirei ni kubwa. Eksirei hukupa kivuli kilichosimama, lakini eko hukuingiza ndani ya nyumba ukaona vyumba, kuta na milango ikifunguka na kufunga. Mpimaji hupima upana wa chumba cha chini cha kushoto kikiwa kimejaa. Kwa mwanamke huwa sentimita 3.8 hadi 5.2, kwa mwanamume 4.2 hadi 5.8. Hupima unene wa ukuta, ambao kwa kawaida hauzidi sentimita 1. Hutazama damu inapita wapi na kama inarudi nyuma. Mwisho huandika EF.

Rudi sasa kwa watu wetu. Kwa mama, eko itaonyesha chumba kilichotanuka na EF iliyoshuka. Kwa kijana, itaonyesha weusi wa maji umeuzunguka moyo, na vyumba vidogo vinavyobanwa. Kwa msichana, itaonyesha mlango wenye makovu. Kwa mzee, ukuta mnene. Hao wote wametenganishwa kwa kipimo kimoja kisicho na maumivu.

Watu kama hawa ni wengi nchini. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Abel Makubi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, uliwaangalia wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kazi yake. Katika kila 100, wagonjwa 45 waliumizwa na shinikizo la damu, 28 na ugonjwa wa misuli ya moyo, na 12 na ugonjwa wa milango unaotokana na homa ile ya utotoni. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 55. Ni watu wa kulima na kulea bado.

Pengine utasema: si daktari ana chombo cha kusikilizia? Kinatosha. Basi sikiliza yaliyoonekana kwa jirani zetu wa Msumbiji. Watoto wa shule 2,170 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kwa kusikiliza tu, walipatikana watoto 5 wenye ugonjwa wa milango ya moyo. Kwa eko walipatikana 66. Na kujua mapema kuna faida. Kaskazini mwa Uganda, tangu mwaka 2018, watoto zaidi ya laki moja walipimwa kwa eko. Wenye dalili za mwanzo 818 waligawanywa makundi mawili, kila kundi karibu 400. Kundi moja lilidungwa penisilini kila wiki 4. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Katika kundi lisilodungwa, uliendelea kwa watoto 33.

PAPAI LILILOKATWA UPANDE

Hata hivyo eko si macho ya malaika. Ina kasoro zake, nawe ni vizuri uzijue, kwa sababu karatasi yake huleta ugomvi nyumbani.

Chukua papai. Likate katikati kwa urefu, kupitia kikonyo. Utaona upana wake wote na shimo lote la mbegu. Sasa chukua papai la pili, lenye ukubwa ule ule. Likate pembeni kidogo, kwa mshazari. Shimo la mbegu litaonekana dogo. Ukimwonyesha mtu vipande hivyo viwili atasema mapapai yalikuwa tofauti. Eko nayo hukata moyo kwa sauti, kipande kimoja kimoja. Mkono wa mpimaji ukiteleza kidogo kati ya mbavu, chumba huonekana kifupi kuliko kilivyo. Mgonjwa mnene sana, au mwenye mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi, huwa vigumu kumwona vizuri.

Tena kuna jambo la hesabu. Mashine nyingi hazipimi ujazo wa chumba moja kwa moja. Huchukua vipande viwili, kisha hufikiri kwamba chumba kina umbo zuri kama yai. Hukigawa katika sahani nyembamba, kama chapati zilizopangwa, na kujumlisha. Kwa chumba cha kushoto chenye umbo zuri, hesabu hukaribia ukweli. Kwa chumba cha kulia ni shida. Hicho kimekaa kama mwezi mwandamo, kimekumbatia mwenzake. Huwezi kukihesabu kama yai.

Kwa sababu hizi, wataalamu wawili wazuri wanaweza kumpima mtu mmoja siku moja wakatofautiana kwa namba 5, hata 10. Kwa hiyo mama aliyekuwa na EF 45 mwezi wa Januari, akapata 41 mwezi wa Juni, asilie. Huenda moyo haukubadilika, ni mkono uliobadilika. Lakini kama imetoka 45 ikafika 25, hilo ni jambo kubwa. Ikiwezekana, rudi kupimwa hospitali ile ile. Chukua karatasi ya zamani umpe mpimaji mpya aisome. Nawe mweleze unavyojisikia: unalalia mito mingapi, unafika kisimani bila kupumzika au unapumzika njiani mara ngapi. Daktari mzuri hupima namba pamoja na hayo.

Wala usifikiri EF ikiwa nzuri mambo yote ni mazuri. Yule mzee wa ukuta mnene anaweza kuwa na EF 60 na bado anahema, kwa sababu chumba kidogo hupokea damu kidogo. Mwaka 1948 daktari Davies aliyefanya kazi Uganda aliandika juu ya ugonjwa ambao huweka kovu gumu ndani ya chumba cha chini. Chumba husinyaa, vyumba vya juu hutanuka sana, na tumbo hujaa maji. Kwa ugonjwa huo EF pekee ingekudanganya.

MKATE WA SUMAKU

Katika hospitali chache kubwa ipo mashine ya sumaku, iitwayo MRI. Unalazwa kwenye kitanda kinachoingia ndani ya bomba kubwa. Mashine hupiga kelele kama watu wanagonga bati. Unaambiwa shikilia pumzi, achia, shikilia tena. Inaweza kuchukua saa nzima.

Mashine hii hukata moyo vipande sawa, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mkate. Kila kipande hupimwa, kisha vyote hujumlishwa. Haibahatishi umbo. Hata kile chumba cha kulia kilichokaa kama mwezi, yenyewe hukikata na kukihesabu. Huonyesha pia kovu ndani ya nyama ya moyo. Kwa ukubwa wa vyumba na nguvu ya kusukuma, hii ndiyo inayochukuliwa na wataalamu kuwa kipimo cha kupimia vipimo vingine, kama jiwe la kilo dukani.

Walipolinganisha, waliona kwamba eko ya kawaida huonyesha chumba kidogo kuliko MRI inavyoonyesha, kwa moyo ule ule. Kwa hiyo usichukue namba ya eko ukailinganisha na namba ya MRI ukasema moyo umekua. Umepima kwa pishi leo na kwa debe kesho.

Je, basi kila mgonjwa aende kwenye sumaku? Mimi nasema hapana. Mgonjwa anayehema hawezi kulala chali saa nzima akishikilia pumzi. Mwenye betri ya moyo, au kipande cha risasi mwilini, ni lazima aseme kabla, maana sumaku inaweza kumdhuru. Gharama ni kubwa na safari ni ndefu. Na kwa wale watu wetu wanne, eko tayari imekwisha sema ugonjwa ni upi. Daktari akikwambia uende kwenye sumaku, muulize kwa heshima: "Daktari, eko imeshindwa kutuonyesha nini?" Akikuonyesha sababu, nenda. Zipo sababu za kweli: eko haionekani vizuri, au chumba cha kulia kinatakiwa kupimwa sawasawa, au anatafuta kovu.

Siti-skani ni eksirei inayozunguka mwili, ikitengeneza vipande. Ni hodari kwa kuona mishipa inayoulisha moyo. Lakini hutumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kifua, mara nyingi zaidi, na hudungwa dawa ya rangi ambayo mwenye figo mbovu lazima aichunge. Kwa swali la vyumba, haianzi yenyewe.

Ipo pia njia ya mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa hadi moyoni. Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijiingizia mpira huo mwenyewe mwaka 1929, kisha akatembea kwa miguu kwenda kupigwa eksirei kuthibitisha umefika. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Wewe usijaribu! Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa usalama katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015.

Kile kipimo cha nyaya nyingi kifuani, kinachotoa karatasi ya mistari ya milima na mabonde, si picha. Hupima umeme wa moyo. Hueleza mapigo, hakipimi vyumba.

KUTOKA MAJENGO

Mwenye pumzi fupi, miguu iliyovimba, au anayeamka usiku kutafuta hewa, aende kituo cha afya leo, asingoje siku ya mnada. Akihema hata akiwa amekaa, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iko hapa hapa Mpanda. Kabla ya safari yoyote ya mbali, ulizia hapo kwanza: mashine ya eko iko, inafanya kazi, na mpimaji yupo siku gani? Mashine bila mkono uliofundishwa ni kabati tu. Ulizia pia kama madaktari wa moyo watakuja mkoani, maana Taasisi ya Moyo hutoa huduma ya mkoba nje ya Dar es Salaam. Ikibidi kusafiri, hospitali kubwa za kanda ziko Mbeya, na Bugando huko Mwanza. Wengine hupanda treni kupitia Kaliua hadi Tabora, ndipo waendelee. Njia yoyote utakayopita, bahasha ya eksirei na karatasi ya eko viwe mkononi, siyo ndani ya mzigo kwenye buti la basi.

Baba mwenye mgonjwa anaweza kusema hivi: "Daktari, tumeambiwa moyo wa mke wangu ni mkubwa. Ni chumba kipi kilichotanuka? Kinasukuma kiasi gani? Tuandikie namba." Hilo si kosa la adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Namba hiyo ina kazi hata baada ya miguu kunywea. Yule mama wa kwanza, akipata dawa mapema na kuzimeza bila kuacha, moyo wake unaweza kurudi katika hali yake, pengine ndani ya miezi 6, pengine zaidi. Siku moja atajisikia mzima. Atabeba ndoo, atapalilia mahindi. Bibi na mama mkwe wataanza kuuliza juu ya mtoto mwingine. Hapo ndipo yeye na mumewe wanapaswa kurudi hospitali kupimwa eko kabla ya mimba, siyo baada. Ikiwa EF haijapanda ikafika kiwango cha kawaida, mimba nyingine inaweza kuuangusha moyo tena, na mara hii asiamke. Hata ikiwa imepanda, hatari haikuisha yote, na dawa nyingine za moyo hazifai kwa mjamzito, hivyo daktari lazima apange mapema. Wakati huo mama atumie njia ya uzazi wa mpango atakayoshauriwa na mganga. Mumewe afuatane naye siku ya kipimo, akione kioo kwa macho yake, na aisome ile namba mwenyewe.